Wasiozikwa wa Namkonda

Mimba zilianza kuharibika Namkonda mwaka wa pili baada ya kijiji kuanzishwa. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya zamani kwenye ukingo wa uwanda, mahali unapoliona bonde lote la Ruvuma, na mkutanoni walielezwa sababu mbili: ujamaa, na vita vya Wareno ng'ambo ya mto. Wakajenga nyumba kwa mistari, wakafyeka shamba la pamoja, wakachoka. Mwanamke akipoteza mimba katika uchovu wa namna ile, wenzake walimpikia uji na kumwambia atapata nyingine.

Msimu wa mvua uliofuata, wanawake wa Namkonda waliacha kusema kwamba wana mimba. Walifunga kanga kwa namna ya kuficha. Mara nyingi mtu alijua kuwa jirani yake alikuwa mjamzito siku ile alipomwona amepakiwa kwenye baiskeli, kichwa kimelala begani mwa mumewe, kanga imelowa damu, anapelekwa hospitali.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya misheni, nje kidogo ya mji wa Newala. Wodi ya wazazi ilikuwa chini ya Nesi Leonia, mwanamke wa Mnyambe, mtulivu, aliyeolewa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Ambakisye, mtu wa Tukuyu. Wanawake walimpenda Leonia kwa sababu alizungumza nao Chimakonde na hakuwafokea. Daktari alikuwa Yeremia, Mhaya, aliyekuwa amesoma Ulaya na kurudi mara tu baada ya uhuru. Alikuwa mcha Mungu wa kweli. Kila asubuhi aliongoza sala katika wodi kabla ya kuwapima wagonjwa, na aliposali hakuharakisha.

Dokta Yeremia hakukubali kwamba uchovu ndio ulioua mimba zote zile. Siku moja baada ya sala alimwita Leonia kwenye chumba cha mwisho cha baraza, kilichokuwa stoo ya mablanketi. Rafu zilikuwa zimesafishwa. Juu yake palikuwa na chupa pana za kioo, tupu, na madebe ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Mezani kando ya dirisha aliweka darubini yake. Akamweleza anachotaka: kila mimba itakayoharibika isichukuliwe na wenyewe kwenda kuzikwa, wala isitupwe shimoni. Aletewe yeye. Ataihifadhi, ataikata, ataitazama, mpaka ajue ni nini kinachoziua.

Leonia alimuuliza kama wenyewe watakubali. Dokta akasema, yeye akiwaambia, watakubali. Kisha, kwa kuwa alimwona anasita, akaongeza: "Roho imeshakwenda kwa aliyeitoa, Leonia. Kilichobaki hapa ni cha kutufundisha. Ningekufa mimi leo, ningetaka mtu anipasue aone."

Leonia aliyapima maneno yale njia nzima ya kwenda nyumbani na hakuona kosa ndani yake. Lakini hakumsimulia mumewe.

Basi akaanza kuwaambia. Wanawake wa Kiislamu aliwakumbusha mafundisho ya Mwalimu Mfaume, aliyekuwa na chuo cha Kurani pale Namkonda: kwamba mimba hupulizwa roho inapotimiza miezi minne, na kabla ya hapo ni damu na nyama. Kwa Wakristo alisema Mungu ameshampokea wake. Kila mmoja alipewa neno la dini yake, na kila mmoja alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa amelala, amepungukiwa damu, na nesi alikuwa amemshika mkono. Bibi zao waliokuja nao, wenye taratibu zao za kale, Leonia hakuwaambia kitu. Alingoja watoke nje kwenda kununua chai. Waliporudi, bakuli lilikuwa limeshaondolewa, na nesi aliwaambia hospitali imeshughulikia.

Chupa zikaanza kujaa.

Katika waliopitia mikononi mwake kulikuwa na mwanamke aitwaye Isabela, ambaye kila mtu alimwita Mama January. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, mkimbizi, aliyevuka mto akiwa na mtoto mgongoni na kupewa nyumba Namkonda pamoja na wenyeji. Mumewe alikuwa amebaki upande wa pili na wapigania uhuru, akija kwa siri mara chache. Alipokuja mara ya mwisho alimwachia mimba. Kisha zikaja habari kwamba ameuawa kwa bomu la ndege, mbali, mahali ambapo wenzake hawakuweza kurudi. Mwezi uliofuata mimba ikatoka.

Leonia alimwambia kama alivyowaambia wengine. Mama January alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: dokta akishamaliza kumtazama, atarudishiwa? Leonia akajibu ndiyo. Alijibu haraka, kwa kuwa lilikuwa jibu rahisi, na kwa kuwa hakudhani mtu atalikumbuka.

Mama January alilikumbuka. Kila siku ya gulio alipopanda Newala kuuza mihogo, alipita hospitali. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye ngazi za baraza, beseni kichwani, akauliza kama dokta amemaliza. Leonia akasema bado. Mama January akashukuru, akaenda zake. Gulio lililofuata akarudi. Wauguzi wengine walianza kumkwepa. Mmoja alisema hapendi jinsi yule mama anavyokitazama kile chumba cha mwisho, kwamba hatazami mlango, anatazama ukuta, pale hasa zilipo rafu kwa ndani.

Mwaka ule pampu ya maji iliharibika na haikutengenezwa. Newala ni mji wa shida ya maji siku zote, lakini mwaka ule ilizidi. Watu wote, wa mjini na wa vijijini, wakarudia kuteremka bondeni kwa miguu kuchota kwenye chemchemi za chini ya ukingo, ambako wa Namkonda walichota tangu mwanzo kwa kuwa maji ya pampu hayakuwatosha, alfajiri, foleni ndefu za ndoo. Kule chini milio ya mizinga ilisikika kwa uwazi zaidi. Siku nyingine ndege ilipita upande wa pili wa mto, chini sana, na wanawake waliacha kuchota hadi ipotee. Maji yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu. Mwalimu Ambakisye alimlipa kijana mmoja wa shule awaletee ndoo mbili kila siku. Leonia alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alimwambia mumewe tu.

Ilitoka mchana, akiwa kazini, akimtandikia mgonjwa kitanda. Wauguzi wenzake walimlaza palepale. Dokta Yeremia alikuja mwenyewe, akamhudumia kwa upole, akamfariji kwa maneno machache. Hakumwomba kitu. Lakini Leonia aligeuza macho akaona bakuli la bati limewekwa mahali pake pa kawaida, limefunikwa kitambaa, na dokta amesimama kando yake bila kuondoka. Akatambua kwamba anangojea. Leonia aliwakumbuka wote aliowashika mkono kwenye kitanda kilekile. Angewezaje kukataa? Akatikisa kichwa kukubali. Dokta akalibeba bakuli kwa mikono miwili, polepole, akatoka.

Mama yake, Yuliana, alifika kutoka Mnyambe siku iliyofuata. Alikuwa Mkristo wa tangu utotoni, lakini katika ukoo wao, tangu kabla ya misheni, mtoto asiyefika aliviringwa kwa kitambaa cha kanga ya mama yake na kuzikwa mahali penye unyevu nyuma ya bafu, karibu na nyumba, ili asipotee, na akitaka kuja tena aikute njia. Aliuliza amezikwa wapi. Leonia akasema hospitali imeshughulikia.

"Imeshughulikiaje?"

Leonia akajigeuza, akatazama ukuta. Yuliana alimtazama bintiye kwa kitambo kirefu. Akamsongea ugali, akamchotea maji ya kuoga, akafunga mzigo wake na kurudi Mnyambe siku ileile, ingawa alikuwa amekuja na nguo za kukaa wiki nzima.

Ambakisye alisema kwao pia mtoto wa namna hiyo hafanyiwi msiba, na kwamba dokta anajua anachokifanya. Alisema hivyo kwa sauti ya darasani. Lakini tangu siku ile, kila alipokuja kumchukua mkewe kazini, hakupita tena barazani. Alizunguka kwa nyuma, kupitia jikoni.

Leonia alianza kufanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Aliingia katika chumba cha mwisho peke yake. Alijiambia anakwenda kufuta vumbi. Chupa zote zilikuwa na namba za dokta, na namba zile hakuzielewa. Alitembea mbele ya rafu, akijaribu kuhisi ipi ni yake, akiamini kwamba mama angejua tu. Hakujua. Waliokuwa mle wote walikuwa wa rangi moja, wa kimo kinachokaribiana, wamejikunja, na vichwa vimeinama upande uleule wa dirisha. Alijua ni jinsi chupa zilivyowekwa. Hata hivyo akazigeuza moja moja zitazame ukutani, na kesho yake akakuta zimerudishwa kama zilivyokuwa, kwa sababu dokta alihitaji mwanga.

Siku moja dokta alimkuta humo. Hakumgombeza. Alikuwa amechoka, ndevu hazijanyolewa, lakini macho yalikuwa yanang'aa. Akamwambia amepata kitu. Akamkalisha kwenye darubini, akamwonyesha mkono mdogo kuliko punje ya mtama, vidole vyake vimegandana kama ganda moja. Kisha akamwonyesha mwingine, na mwingine. Wa kutoka mbali, waliochota kwingine, hawakuwa hivyo. Hawa walikuwa wa Namkonda na wa wale wote walioteremka chemchemi ya upande ule. Kuna kitu ndani ya maji, alisema, au katika udongo yanamopita, au kimetoka vitani, hajui. Anahitaji msimu mmoja zaidi, na anahitaji kuzipeleka baadhi ya chupa Dar es Salaam kwa wenye vyombo vikubwa. Akishajua, wataifunga ile chemchemi, na wanawake watazaa.

Leonia aliinua uso kutoka kwenye darubini. "Na wangu?"

Dokta alifuta kioo kwa kitambaa, akakifuta tena.

"Wako pia," alisema.

Mambo yalifumuka kwa sababu ya sanduku la kusafirishia chupa. Seremala wa misheni alilitengeneza nje, chini ya dirisha la kile chumba, akiliwekea majani makavu ndani ili vioo visivunjike. Ilikuwa siku ya gulio. Mama January akaja na beseni lake, akasimama kwenye ngazi, akalitazama sanduku, kisha akamtazama Leonia. Hakuuliza kama dokta amemaliza. Aliuliza lile sanduku ni la nini.

Leonia angeweza kusema ni la dawa. Alifungua kinywa aseme hivyo. Lakini alikuwa na siku nyingi hajalala vizuri, na yule mwanamke alikuwa mbele yake, na hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angemwelewa. Akamwambia yote: kwamba wako kwenye chupa, kwamba hawakuzikwa, kwamba wanapelekwa Dar es Salaam, na kwamba wake yeye nesi yumo.

Mama January alilitua beseni chini. Akaliacha palepale na mihogo yake, akashuka barabara ya Namkonda bila kugeuka nyuma.

Walikuja kesho yake asubuhi, wanawake peke yao kwanza, wamejifunga kanga kiunoni. Waume zao walifuata kwa mbali. Nyuma kabisa alikuja Padre Cuthbert wa kanisa la Anglikana, aliyekuja mbio aliposikia, na Mwalimu Mfaume kwa mguu wake mbovu. Katibu Tarafa, Bwana Adolf, alifika kwa Land Rover na mgambo wawili. Alimchukua dokta pembeni akamwambia wazi kwamba hapa ni mpakani, wakati wa vita, na kwamba kijijini tayari watu wanasema hospitali inauza watoto kwa Wareno. Hataki damu. Vitu hivyo vitoke leo.

Dokta Yeremia aliomba asikilizwe. Aliwaeleza wanawake juu ya maji na vidole, kwa Kiswahili chake cha shule, na wao walimtazama bila kubadilika sura. Akaomba msimu mmoja tu. Akamgeukia Padre Cuthbert, akamwambia awaeleze kwamba roho haimo tena mle chupani.

Alikuwa mzee mwenye elimu, na wengi walitegemea jibu. Alisema hajui roho huingia lini, na hata maaskofu waliomfundisha hawakukubaliana. Kwa kuwa hajui, hawezi kumwambia mama kwamba kilichotoka tumboni mwake ni kitu. Mwalimu Mfaume naye aliulizwa. Akasema ni kweli kabla ya miezi minne mimba haiswaliwi sala ya maiti, hilo alilifundisha na halibadilishi. Lakini hakupata kufundisha kwamba asizikwe. Nyama ya binadamu ina heshima yake, huviringwa na kufukiwa. Alisema hivyo huku akimtazama Leonia, na Leonia akainamisha macho, maana ndiye aliyelikata fundisho lile katikati.

Dokta akasema, "Mkiwazika hawa, wengine watakufa. Mnanielewa? Hawa hawahitaji kitu tena. Wale wajao wanahitaji."

Hapo ndipo Mama January aliposema, bila kuinua sauti.

"Baba yake hakuzikwa. Yuko porini huko, sijui wapi. Mimi huyu nilikuwa naye hapa, mkononi, nikawapa nyie."

Dokta alimwangalia Leonia. Watu wote wakamwangalia, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwake na wanawake walijua. Leonia alijua pia kwamba maneno ya dokta ni ya kweli. Aliviona vile vidole kwa macho yake. Alijua kwamba akisema neno moja kwa Chimakonde, kama alivyozoea kulisema kando ya kitanda, baadhi yao wangerudi nyumbani, na msimu mmoja ungepatikana. Alisimama na ufunguo mkononi kwa muda mrefu hata Bwana Adolf akaanza kukohoa.

Kisha akapanda ngazi akafungua mlango.

Wanawake waliingia wachache wachache. Harufu ya dawa iliwafanya wafunike pua. Mbele ya rafu walikwama kama yeye mwenyewe alivyokwama, kwa sababu namba hazikuwaambia kitu. Mama January alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akachukua chupa moja ya katikati, akasema, "Huyu," akaitoa nje kifuani. Hakuna aliyembishia. Baada ya hapo kila mmoja alichukua moja, bila kuchagua sana. Zikabaki za wale ambao hawakuja. Leonia akawapa wazee wazibebe, na ya mwisho kabisa akaichukua yeye.

Dokta hakuwazuia. Alikaa kwenye sanduku jipya, mikono magotini, midomo ikicheza. Waliopita karibu walisema alikuwa anasali, wengine walisema alikuwa anahesabu.

Wakachimba kaburi moja refu mahali pa chini, nyuma ya mikorosho ya misheni, ambapo udongo ulikuwa bado na unyevu. Wakawatoa kwenye dawa, wakawaviringa kwa vipande vya kanga. Padre Cuthbert alisali sala fupi. Mwalimu Mfaume alisimama upande wa pili, akanyamaza mpaka Padre alipomaliza, kisha akaomba dua yake kwa sauti ya chini. Yuliana alikuwa amefika kutoka Mnyambe, haikujulikana alipata habari kwa nani. Alishuka kaburini mwenyewe kupokea kile alichobeba bintiye, akakilaza, akatandaza kanga juu yake vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto asipigwe na baridi. Alipopandishwa juu alimshika Leonia kiwiko na hakumwachia hadi walipofika nyumbani. Usiku ule Leonia alilala.

Dokta Yeremia alihamishwa kabla ya mwezi kwisha. Alipokuja kuaga aliwashauri wayachemshe maji, kisha akakiri hajui kama kuchemsha kunasaidia kitu. Vile vipande vyembamba alivyokuwa amevikata na kuvibana kwenye vioo vya darubini, mgambo walikuwa wamevitupa pamoja na chupa tupu. Bwana Adolf aliandika ngazi za juu kuomba chemchemi ipimwe. Wataalamu waliahidiwa kuja msimu wa kiangazi, na kiangazi kilipofika ikasemwa barabara ya mpakani si salama.

Mimba ziliendelea kuharibika. Sasa wenyewe walizichukua, wakazizika nyuma ya mabafu yao kama walivyotaka, na Leonia aliwafungia kwenye kitambaa safi bila kuulizwa. Hakuwaambia tena neno lolote juu ya roho. Aliwaambia wasichote upande ule. Walimuuliza wachote wapi.

Yeye na mumewe waliomba uhamisho, wakapelekwa Masasi, Leonia akipangiwa kazi hospitali ya Mkomaindo. Huko alizaa mtoto wa kike, mzima, akamwita Bertila. Mwaka uliofuata uhuru wa ng'ambo, Mama January alipita Masasi kumuaga Leonia kabla ya kurudi kwao. Walikaa barazani, wakala mihogo, wakacheka kidogo. Leonia alimuuliza habari za Namkonda. Mama January akasema familia zimeanza kuondoka kimyakimya, kila mwezi nyumba moja au mbili, ingawa serikali imekataza. Waliobaki ni wasio na pa kwenda. Akasema tangu mvua zilizopita hajamwona mtoto mchanga pale kijijini, hata mmoja, na kwamba wanawake bado wanateremka bondeni kila alfajiri na ndoo zao, kwa kuwa pampu bado ni mbovu.

Leonia alimwita Bertila aje aamkie. Mtoto akasema shikamoo, Mama January akaitikia marahaba, akamvutia karibu yake, akakaa naye vile mpaka lori lake lilipopiga honi barabarani.